Maua ya harusi ya pwani huchaguliwa kwa saa

Saa kumi na nusu alasiri, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Ibada imekwisha, msafara umeshazunguka mjini na matarumbeta yake, na sasa maharusi wako ufukweni wanapigwa picha. Bibi harusi ameshika shada la mawaridi meupe na haidrenjia. Mpiga picha anamwomba aliinue kidogo. Haidrenjia zimelegea zote. Mawaridi matatu ya mbele yameinamisha shingo. Mpambe analipokea, anang'oa petali zilizogeuka kahawia, kisha analizungusha ili upande wa nyuma uwe mbele. Picha zinaendelea.

Ukumbini wataingia saa mbili usiku.

Maua yale yalikufa kwa sababu zinazojulikana, na nitazieleza. Kinachonisumbua wiki hizi ni kwamba mandhari hii hurudi kila msimu. Familia ni nyingine, bajeti ni nyingine, ila shada ni lile lile. Watu hulipa pesa nyingi kwa ua ambalo kila mpambaji wa pwani anajua halitafika jioni. Nadhani kosa huanzia mapema sana, pale kamati inapokaa na simu na kuuliza rangi gani, kabla hata mtu mmoja hajauliza saa ngapi.

Ratiba kwanza, rangi baadaye

Chukua karatasi. Usiandike jina la ua lolote. Andika safari ya shada tangu linapofungwa hadi linapowekwa chini mara ya mwisho.

Kwa harusi ya kanisani Dar, shada hufungwa saa moja asubuhi au usiku wa kuamkia. Saa nne liko saluni. Saa nane liko kanisani. Saa kumi liko ufukweni au bustanini kwa picha. Saa kumi na mbili linalazwa hotelini wakati maharusi wanapumzika. Saa mbili linaingia ukumbini, na saa tano usiku bado liko mezani. Hesabu: saa kumi na sita. Mengi ya masaa hayo shada halina maji, na hewa ya kaskazi iko kwenye nyuzi 31 hadi 33. Ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo.

Sasa andika harusi ya Mombasa, Lamu au Unguja. Nikaha ni ya wanaume, msikitini. Shughuli ya wanawake ni ya usiku, ndani, bibi harusi ameketi, na wanaomsogelea ni watu wa karibu wanaomkumbatia na kumbusu. Hapo maua yanahitajika kwa muda wa masaa matatu au manne tu, na yatakuwa karibu na pua za watu kuliko kamera.

Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kwa kila kituo cha ratiba, jaza mambo manne: ua litakaa hapo kwa muda gani, lina maji au halina, jua linalifikia au halilifikii, na nani yuko karibu nalo. Ukimaliza utaona orodha ya maua imejipunguza yenyewe.

Waridi la mlimani likishuka baharini

Waridi tunalonunua ni ua la nyanda za juu. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kuzunguka Arusha nayo yako juu. Usiku wa huko ni wa baridi, ua hukua taratibu, kichwa kinakuwa kikubwa na shina refu. Hukatwa likiwa tumba, hupozwa hadi nyuzi 2 hadi 4, kisha husafirishwa kavu ndani ya boksi. Soko lililofikiriwa tangu mwanzo ni mtungi wa sebuleni Ulaya, mahali pa nyuzi 20. Sisi tunalishusha kwa basi la usiku hadi kwenye unyevu wa pwani.

Mambo mawili huharibika hapo.

La kwanza ni jasho. Boksi lenye baridi likifunguliwa kwenye hewa ya pwani, matone ya maji hujitokeza juu ya petali kama yanavyojitokeza nje ya glasi ya barafu. Petali iliyolowa kwa masaa machache tu huota ukungu wa kijivu. Unaanza na vidoa vidogo vya kahawia, na kwenye waridi jeupe havifichiki. Kwa hiyo boksi lifunguliwe ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Ondoa kifuniko tu kwanza, liache kama nusu saa bila kuyagusa maua, ndipo uyatoe. Usiyanyunyizie maji vichwani. Najua wauzaji wengi wa barabarani hunyunyiza ili yaonekane mabichi, na ndiyo maana hufa kesho yake.

La pili ni shingo kuinama. Shina lililosafiri kavu limeingiwa na hewa kwenye mirija yake, au bakteria wameziba njia, kwa hiyo maji hayafiki juu. Ua lenyewe bado zima, ila lina kiu. Likiwahiwa, hupona: kata sentimita 2 au 3 za chini kwa mshazari huku shina likiwa ndani ya maji, funga fungu zima kwa karatasi ya gazeti hadi vichwani ili shingo zisimame wima, kisha litie kwenye maji ya uvuguvugu wa kama nyuzi 40 yanayofika katikati ya shina. Liache saa mbili. Lisiposimama kwa muda huo, litoe kwenye hesabu.

Maandalizi ya kawaida ni haya, na hayana njia ya mkato. Ndoo ioshwe kwa jiki na kusuuzwa. Majani yote yatakayozama yang'olewe, kwa sababu jani likioza ndani ya maji ndilo linalozalisha hao bakteria. Miiba itolewe kwa mkono au kitambaa kizito bila kuchuna ganda la shina. Katika ndoo ya lita 20 tia maji theluthi moja na mashina 50 hadi 60, yasizidi. Yakibanana, joto la katikati hupanda na ukungu huanza. Yanywe usiku kucha, au angalau saa sita, kabla ya kufungwa.

Chakula cha maua unaweza kukitengeneza: lita moja ya maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato, na vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu. Sukari inalisha, ndimu inasaidia maji kupanda, jiki inazuia bakteria. Anayetia sukari peke yake, au soda, anawalisha bakteria. Tia kila kitu kwenye maji. Usichanganye jiki na ndimu pembeni bila maji, mvuke wake ni wa hatari.

Unaponunua, usiangalie rangi. Bonyeza kichwa cha waridi kwa vidole viwili pale chini, karibu na kikonyo. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea, limekaa. Petali mbili au tatu za nje zenye makovu au ukijani si ubovu, ni ngao ya safarini. Ziache hadi asubuhi ya shughuli ndipo uzing'oe.

Na kama tarehe yako inaangukia wiki ya 14 Februari, panga ua lingine. Bei hupanda, na mafungu mazuri yana wateja nje ya nchi waliokwisha kuyalipia.

Haidrenjia ya kwenye simu

Hapa ndipo nilipokuwa na shaka. Je, ni haki kumwambia mtu asiweke ua analolipenda, siku yake?

Haidrenjia ni kichwa kikubwa cha maua madogo mengi, na kila dogo linapoteza maji. Inapenda ubaridi wa Lushoto au Limuru. Mkononi mwa mtu, bila maji, kwenye jua la ufukweni, haimalizi masaa mawili. Nimefikia msimamo huu: iwepo, lakini isiwe mkononi. Iweke kwenye meza kuu, ndani ya mtungi uliojaa maji, ukumbi wenye kiyoyozi, kuanzia saa moja jioni. Hapo itapendeza hadi mwisho.

Ikifika imelegea, zamisha kichwa chote ndani ya beseni la maji baridi kwa dakika 30 hadi 60. Huyanywa hata kwa petali zake, tofauti na maua mengi. Kisha kata shina upya na chovya ncha kwenye shabu iliyosagwa, hii hii ya dukani, kabla ya kuirudisha kwenye maji. Shabu inazuia utomvu wake usizibe njia ya maji.

Anayeitaka mkononi kwa lazima, afungiwe mashada mawili. La mchana la maua magumu, la usiku la haidrenjia. Mashada mawili madogo hayazidi sana gharama ya moja kubwa.

Ua linalofanya kazi usiku

Tulipoyageuza maua kuwa kitu cha picha, tumeacha harufu nyuma, na hili linaniuma kuliko bei.

Waridi la kukaa mtungini wiki nzima mara nyingi halinukii. Wazalishaji wa mbegu walitafuta ugumu, urefu wa shina na petali nyingi, na katika kutafuta hayo harufu imepungua. Inua shada la mawaridi 25 puani na mara nyingi utapata harufu ya majani tu.

Asumini inafuata ratiba nyingine. Tumba huchumwa alasiri, likiwa bado limefumba na jeupe. Jua likitua linaanza kufunguka, na harufu inapanda kadiri usiku unavyokwenda. Asubuhi limekwisha, limegeuka manjano na kulegea. Kwa harusi ya saa nane mchana halifai kitu. Kwa shughuli ya wanawake ya saa tatu usiku, hakuna linaloikaribia. Waliotangulia hawakuhitaji friji. Walichagua ua ambalo saa yake na saa ya shughuli ni moja.

Kikuba, kile kifungu kidogo cha maua yanayonukia cha kuvaliwa, kinafungwa hivi. Matumba ya asumini yanatungwa kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, sindano ikipita kwenye kitako cha ua, pale pagumu, si kwenye petali. Ikipita kwenye petali, ua linachanika linapofunguka. Kisha huwekwa pamoja na kishada cha rehani, waridi dogo la kienyeji lenye harufu, na maua mengine yanayonukia: mkadi, na kilua kikipatikana. Hufungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au nyweleni. Rehani ndiyo inayotangulia kusinyaa, kwa hiyo iingie mwisho na ivunjwe wakati huo huo.

Kuvihifadhi vikuba kati ya magharibi na saa ya shughuli, vifunge kwa kitambaa cha pamba kilichokamuliwa hadi kisidondoshe, kisha jani la mgomba juu yake, na uviweke mahali pa baridi. Barafu isiviguse. Tumba lililoguswa na barafu huwa kama limechemshwa, linang'aa kwa muda kisha linakuwa kahawia.

Asumini hujaa wakati wa joto na hupungua kipupwe. Harusi ya Julai yenye vikuba vya wageni wote inahitaji kuagiza mapema, na kwa watu zaidi ya mmoja, maana mti mmoja wa uani hautoshi. Ikikosekana, tuberozi inaweza kushika nafasi: nyeupe, hufunguka taratibu kuanzia chini ya kikonyo, na harufu yake nayo hupanda usiku. Vichwa vichanga vya juu vikatwe ili vilivyobaki vinywe vizuri. Mashina matatu yanatosha chumba kizima. Kumi yataumiza watu vichwa.

Kila msimu na vyake

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo harusi nyingi na ndiyo joto kali. Haya ndiyo masaa ya okidi, anthuriamu, helikonia, tangawizi nyekundu ya mapambo na krisanti. Okidi za dendrobiamu, nyingi zikitoka Thailand, zinavumilia mkononi masaa mengi zikiwa na kichupa kidogo cha maji kwenye ncha ya shina. Helikonia inunuliwe ikiwa tayari imefunguka kiasi unachokitaka, kwa kuwa ikishakatwa haiendelei kufunguka. Maua haya ya nchi za joto, ukiondoa krisanti, yasiingie kwenye friji ya mawaridi. Chini ya nyuzi 10 hivi yanaungua kwa baridi na kuota madoa meusi.

Tena, kaskazi ni msimu wa maembe. Friji ya nyumbani imejaa maembe yanayoiva, na tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Kaneshoni hujikunja kwa ndani kama zinasinzia na hazifunguki tena. Okidi hudondosha maua. Ukiyalaza maua ya harusi kwenye friji ya familia, toa maembe na ndizi zote kwanza, uifute, ndipo uyaweke.

Masika ni msimu wa ukungu. Punguza petali laini nyeupe, ongeza kala za nyanda za juu, krisanti na majani mazito. Barabara nazo huchelewesha mizigo, kwa hiyo maua yafike siku mbili kabla badala ya moja.

Kipupwe ndiyo nafasi ya yule anayependa mawaridi na lili. Lili inunuliwe ikiwa na tumba moja tu lililofunguka, siku tatu kabla. Kila linapofunguka, ng'oa vile vichwa vya unga vya katikati kabla havijapasuka. Unga ukishaangukia gauni, usipanguse na usitie maji. Gusa kwa utepe wa gundi, unyanyue, rudia kwa kipande kipya.

Vuli mikrismasi inawaka nyekundu mitaani na kila mwaka kuna anayekata matawi kwa ajili ya ukumbi. Petali huanguka baada ya masaa machache. Iacheni mtini. Haibiskasi vivyo hivyo: nyingi zina siku moja tu ya kuishi, ziwe kwenye maji au zisiwe.

Kufunga kwa mzunguko

Shada la mkono lenye upana wa sentimita 25 linahitaji mawaridi 20 hadi 25, gipso, yale maua meupe madogo madogo, mashina manne au matano, na majani kidogo. Agiza asilimia 20 zaidi, maana mengine yatavunjika au yatakuwa mabovu.

Shika shina la kwanza wima kati ya kidole gumba na cha shahada, kama sentimita 12 chini ya kichwa. Kila shina linalofuata lilazwe mshazari juu ya lile la kwanza, siku zote kuelekea upande ule ule. Kila baada ya mashina matatu, zungusha shada mkononi kidogo. Ukibadilisha upande hata mara moja, mashina yanapandana, unabana zaidi ili yatulie, na yaliyobanwa yanavunjika ndani bila wewe kuona. Likifungwa sawasawa, kata ncha zilingane na lisimamishe mezani. Litasimama lenyewe.

Funga kwa uzi wa pamba au rafia pale vidole vilipokuwa. Utepe ufunike sehemu ya kushikia tu, na sentimita 4 au 5 za mashina zibaki wazi chini. Hizo ndizo zitakazoingia kwenye glasi ya maji saluni, kanisani na hotelini. Utepe ufungwe nusu saa kabla ya kutoka, mashina yakiwa yamefutwa yakakauka, kwa sababu utepe uliolowa huacha doa la kijani kwenye gauni.

Mtu mmoja apewe kazi ya glasi. Mpambe ana mambo mengi mno siku hiyo, kwa hiyo tafuta binamu mtulivu, mpe chupa ya mdomo mpana na umwambie: shada lisipokuwa mkononi, liko humu.

Ukumbini

Meza 30, mashina tisa kila meza, ni mashina 270. Kwa mafungu ya 20 ni mafungu 14. Ongeza mawili ya akiba, unapata 16. Kamati ikiona hesabu hiyo, wengi wanakimbilia maua ya bandia.

Kwa muda mrefu nimeona hilo kuwa ni kushindwa. Siku hizi naliona tofauti. Ua la jukwaani lililo mita nne juu ya vichwa, chini ya taa za moto, halisogelewi na mtu na halinusiwi. Liwe la bandia. Pesa hiyo ishuke mahali pa mkono na pua: shada, nywele za bibi harusi, kifua cha bwana harusi, meza kuu, na meza za wazee wa pande zote mbili. Ubaya ni kuchanganya bandia na halisi ndani ya mtungi mmoja. Halisi likilegea kidogo, jirani yake linalianika.

Kwa maua halisi ya meza, ile sponji ya kijani ielee juu ya maji na kuzama yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono, katikati yake hubaki kavu, na shina lililochomwa pale kavu hufa ndani ya saa chache. Haitumiki mara ya pili, na haiozi. Gogo la mgomba lililokatwa vipande vya sentimita 20 hushika mashina magumu vizuri na lina maji yake. Toboa kwanza kwa msumari mnene, kisha choma shina. Utomvu wake hautoki kwenye nguo, kwa hiyo liwekwe kwenye sinia, na aliyevaa sare ya harusi asilibebe.

Kabla ya kulipa malipo ya awali

Muulize mpambaji maua yatafika lini na kwa usafiri gani. Muulize yatalala wapi, na kwenye friji hiyo kuna nini kingine. Muulize ua gani litaingia badala yake kama lile mlilokubaliana likifika limeoza, na mwandike jibu kwenye makubaliano, jina la ua na idadi ya mashina, si "maua meupe" tu. Mwonyeshe ratiba yenu, yote, pamoja na saa ya ufukweni. Kisha muulize shina litakatwa mara ya mwisho saa ngapi. Anayejibu "jana yake usiku" kwa harusi ya saa nane mchana, mwombe akate tena asubuhi, au mtafute mwingine.